Mdogo wangu ana tundu kwenye gegedu la goti, nasikia Ulaya wanaotesha gegedu kwenye mashine. Mwenye uelewa naomba anifafanulie

Mti Mkavu

Wakuu habari za usiku huu. Niende moja kwa moja kwenye jambo maana linaninyima usingizi. Nina mdogo wangu wa kiume, miaka 24, anacheza mpira timu ya wilaya, mwaka jana mwezi wa nane alikanyaga vibaya goti la kulia likajaa maji, tukadhani msuli umevutika tu, tukakanda barafu tukafunga bandeji, likapungua akarudi uwanjani, likajaa tena, akapumzika akarudi tena, mpaka imefika hatua akishuka ngazi anashika ukuta. Wiki iliyopita ndo tumefanikiwa kupiga MRI. Dokta akatugeuzia kompyuta akatuonyesha, ligamenti zote nzima, ila kwenye mfupa wa paja pale chini unapokutana na goti kuna sehemu gegedu limebanduka, tundu linakaribia ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Akasema halitajiziba lenyewe. Nikamuuliza dokta, mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikichanika inafunga, iweje hiki kitu kishindwe? Akajibu "hakina damu", nje foleni ilikuwa ndefu, tukatoka.

Sasa jana nimesoma mahali kwamba huko Uswisi wanamkata mgonjwa kipande kidogo cha gegedu la pua, PUA wakuu, wanakipeleka maabara wanakiotesha mpaka kinakuwa kipande kikubwa, halafu wanakipandikiza gotini, na kwamba kuna mashine inaitwa bayoriakta inayofanya kazi hiyo. Mimi ni mkulima wa nyanya na vitunguu, baiolojia niliiacha kidato cha nne, kwahiyo naomba mtu anieleze kwa lugha ya kawaida, hii kitu ipo kweli? Kwanini pua? Na mashine ya nini, si wawamwagie tu chakula hao seli kwenye sahani wakue? Dogo anasubiri nimpe jibu na sitaki nimwambie jambo la uongo akalishikilia.

Bint Makorora

Pole sana kaka, na umpe pole mdogo wako. Mimi nafanya fiziotherapia, magoti ndo kazi yangu ya kila siku, ya maabara ntawaachia wenye nayo ila hilo la "hakina damu" ngoja nikusaidie.

Kesho nunua kuku wa kienyeji, chukua paja ulifungue pale kwenye goti. Utakuta mwisho wa mfupa umevikwa kitu cheupe chenye ubluu kwa mbali, kinang'aa, ukipitisha kidole kinateleza kama kigae kilicholowa. Hilo ndo gegedu. Likate na kisu, halitoi tone la damu. Kwa binadamu pale gotini unene wake ni kama milimita 2 mpaka 4, sehemu kubwa ni maji, karibu robo tatu, yameshikwa na nyuzi za kolajeni, na seli zenyewe ni chache mno zimekaa mbalimbali kama nyumba za porini. Hamna mshipa wa damu wala wa fahamu. Kidonda cha ngozi kinapona kwa sababu damu inaleta mafundi na vifaa pale pale, huku hamna barabara ya kuwaleta. Chakula chake gegedu linakipata kwenye ute wa goti, ukikanyaga linabanwa, ukinyanyua mguu linaachiwa, ndo ute unaingia na kutoka kama kwenye sponji.

Na hili si jambo jipya, William Hunter, daktari aliyekuwa London, aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Karibu miaka mia tatu iliyopita hiyo.

Kingine, kwa kuwa umesema goti hadharani watakuja watu kukuuzia dawa za kurudisha ute. Usitoe hela kaka. Supu ya kongoro kunyweni, ni chakula kizuri, lakini kolajeni yake inameng'enywa tumboni kama nyama nyingine, haijui njia ya kwenda kwenye tundu la mdogo wako.

seli_na_sukari

Mkuu ipo kweli. Niko Ujerumani namalizia masomo, maabara niliyopo kazi yake ni hii hii ya kuotesha gegedu, nimekaa na hizi seli mwaka wa tatu sasa kwahiyo nitaandika kirefu kidogo.

Tuanzie nyuma. Kabla ya mashine kulikuwa na Waswidi. Mwaka 1987 pale Gothenburg wakina Lars Peterson na Mats Brittberg walianza kuchukua kipande kidogo cha gegedu zima la goti la mgonjwa mwenyewe, sehemu isiyobeba uzito, wanazitoa seli, wanazizalisha maabara, halafu wanafungua goti, wanashona kiraka chembamba juu ya tundu (kiraka chenyewe ni ule utando unaofunika mfupa, unatolewa mguuni kwake) na kuingiza seli chini ya kiraka kwa sindano. Walichapisha matokeo 1994, watu 23, na kati ya 16 waliokuwa na tundu kwenye mfupa wa paja, sehemu kama ya dogo, 14 walikuwa wazuri baada ya miaka miwili. Waliokuwa na tundu nyuma ya kifuniko cha goti hawakubahatika hivyo. Toka hapo imeboreshwa, siku hizi seli zinawekwa juu ya utando wa kolajeni ya nguruwe unakatwa kwa kipimo cha tundu na kubandikwa kwa gundi, inaitwa MACI, Marekani waliiruhusu Desemba 2016. India nako mamlaka yao ya dawa imepitisha matibabu ya seli za gegedu za mgonjwa mwenyewe, na huko ndo wengi wetu tunaenda kutibiwa, so hilo si la kufikirika.

Lakini angalia, hapo unaweka SELI. Hauweki gegedu. Wewe ni mkulima utanielewa, hiyo ni kumwaga mbegu shambani moja kwa moja na kuomba zishike. Bayoriakta ni kitalu. Unataka upeleke shambani mche wenye mizizi.

Sasa kwanini sahani haitoshi. Kwanza seli za gegedu ukizilaza kwenye plastiki bapa zinazaliana vizuri tu ila zinasahau kazi. Zinarefuka, zinakuwa kama seli za kovu, zinaanza kutoa kolajeni aina ya 1 badala ya aina ya 2 ambayo ndo ya gegedu. Ukizirudisha kwenye kitu chenye kina, zizungukwe pande zote, ukazipa vichocheo vyake na vitamini C, zinaanza kukumbuka taratibu. Kwahiyo inabidi uzipande kwenye kitu kama sponji au jeli. Hapo sasa linakuja tatizo la pili, chakula kikiwa kimetulia kinapenya kidogo sana, sehemu ndogo ya milimita, nje kipande kinakuwa kizuri na katikati seli zinakufa kwa njaa. Mimi nimewahi kukata kipande cha wiki 4 kilichokaa tu kwenye maji, nje kigumu kinang'aa unafurahi, ndani laini kama uji. Ndo maana mashine. Zipo za kukoroga, zipo zinazosukuma chakula kipite katikati ya kipande, zipo za chombo kinachozunguka kizima na vipande vinaelea ndani vinaanguka polepole bila kugonga ukuta, hiyo ya kuzunguka ilitoka NASA, shirika la anga la Marekani.

Chakula chenyewe kina rangi nyekundu kama juisi ya rozela iliyoongezwa maji. Asubuhi ukifungua kabati (nyuzi 37 muda wote) ukakuta imeanza kwenda manjano ujue tindikali imepanda, zimekula zimemaliza, badilisha. Kila siku mbili tatu, Krismasi, Idi, upo. Na kila ukifungua unahatarisha, mwaka jana nilipoteza vipande 12 vya wiki ya 5 kwa ukungu, nilifungua nikaona unyoya mweupe umeelea pembeni ya chombo kimoja, kesho yake vyote. Kwa mgonjwa anayesubiri hicho kingekuwa kipande chake pekee, ndo maana watu wanahangaika mashine ifungwe kabisa ijilishe yenyewe mkono wa mtu usiingie.

Ila kitu kikubwa kuliko vyote ni hiki na naomba dogo akijue. Gegedu linataka kubanwa. Kuna jaribio moja nalipenda sana, Lisa Freed na Gordana Vunjak-Novakovic wa chuo cha MIT Marekani, walichukua seli za gegedu la ndama wakaotesha vipande miezi 3 hapa duniani kwenye mashine ya kuzunguka, halafu wakavigawa, vingine wakavipeleka kituo cha anga cha Mir kule ambako hamna uzito vikakaa miezi 4, vingine vikabaki chini miezi hiyo hiyo 4. Matokeo yalitoka 1997. Vya huko juu seli zilikuwa hai, zinafanya kazi, lakini vilirudi vidogo zaidi, vimeviringana kama gololi, na dhaifu kuliko vya chini. Chakula kile kile, mashine aina ile ile. Kilichokosekana ni uzito.

Na kinyume chake kikafanyika chuo cha Columbia pale New York, mwaka 2000, wakaweka seli za ndama kwenye jeli ya mwani (sio huu mwani wa Paje, wetu unatoa kitu kingine), kila kipande kinabanwa asilimia 10 ya unene wake, mara moja kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu kutembea, saa 1 kubanwa saa 1 kupumzika mara 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Baada ya wiki 4 ugumu ulikuwa kama mara 6 ya vile ambavyo vilikaa tu. Nilivyosoma hiyo mara ya kwanza nilirudia kuisoma usiku ule ule.

Ya pua ntarudi kesho, nina vipande vya kulisha.

Fundi Pampu

Asante sana mtaalamu umeandika kitu kinaeleweka. Swali la kifundi, hiyo kubana asilimia 10 inabanwa na nini? Maana kipande kama kina milimita 2 asilimia 10 yake ni 0.2, hiyo ni nywele mbili tatu, mimi nafanya mambo ya pampu na mota na najua mota ya kawaida haiwezi kukupa hiyo bila kuruka ruka.

seli_na_sukari

@Fundi Pampu umegusa penyewe. Ni mota za hatua, zinaenda kwa vipande vidogo vidogo vya mzunguko, inasukuma skrubu laini, skrubu inasukuma bamba, na bamba linashuka kwenye vipande vyote kwa pamoja. Tabu ni kwamba yote hayo yanakaa kwenye kabati lenye joto la 37 na unyevu kama bafuni, kutu na mafuta ya greisi haviruhusiwi karibu na seli, na vipande havilingani unene, kimoja kikiwa kirefu kidogo kinabanwa sana na cha jirani hakiguswi kabisa. Nusu ya muda wangu wa mwaka wa kwanza niliutumia kusawazisha bamba. Watu wanadhani hii kazi ni baiolojia tupu, bila fundi haiendi.

Haya pua. Mkuu Mti Mkavu hiyo habari uliyosoma ni ya Basel, kundi la Ivan Martin, wametoa matokeo 2016. Watu 10, umri 18 mpaka 55, walitolewa kipande cha milimita 6 kwenye ule ukuta unaogawa pua, kwa ganzi ya kawaida, seli zikazalishwa wiki 2, halafu zikapandwa kwenye utando wa kolajeni zikakaa wiki 2 nyingine mpaka likapatikana gegedu la milimita 30 kwa 40, unene 2. Likakatwa kwa umbo la tundu likashonwa gotini. Baada ya miaka miwili maumivu yalipungua, goti linafanya kazi vizuri zaidi, na hakuna dhara lililotokana na kipande.

Kwanini pua: seli zake hazichoki kuzaliana hata mtu akiwa na umri, hazisahau kazi haraka kama za goti, na haumkati mtu goti zima ili kutibu goti. Wasiwasi ulikuwa je za pua zitajua kuishi gotini, maana zinatoka ukoo tofauti kabisa toka mtoto akiwa tumboni. Wakajaribu kwa mbuzi kwanza, na zile seli baada ya kukaa gotini zikaanza kuwasha jeni zilezile za seli za goti. Mgeni kaja kajifunza lugha ya nyumba.

Halafu wakafanya jaribio kubwa zaidi, hospitali za Uswisi, Ujerumani, Italia na Kroatia, wakalinganisha makundi mawili, wengine waliwekewa kipande kilichokaa siku 2 tu (yaani bado mbegu) na wengine kilichokomaa wiki 2. Waliowekewa kilichokomaa wakaenda vizuri zaidi, hasa wenye matundu makubwa. Kwa hiyo hoja ya kitalu sio ya mdomoni.

Ila nisikudanganye mkuu, hii ya pua bado ni majaribio, hauendi na hela ukanunua. Na sio kila cha mashine kinashinda. Kampuni moja ya Marekani, Histogenics, ilikuwa na gegedu linaitwa NeoCart, lilioteshwa kwenye bayoriakta ya mgandamizo kabisa, wakalijaribu kwa watu 249 wakilinganisha na ile njia ya kutoboa vitundu kwenye mfupa damu itoke izibe, na mwaka 2018 ikatangazwa halikufikia lengo lililowekwa la mwaka mmoja. Iliniuma maana ilikuwa kazi nzuri.

wa Changamwe

Salaam nduguzangu. Nimesoma hapa mpaka mwisho na moyo ukanidunda. Mamangu ana miaka 66, magoti yote mawili yamesagika, kwenye picha mifupa imegusana, usiku halali, akisujudu hawezi kuinuka mpaka ashikwe. Je hii ya pua haiwezi kumfaa? Pua yake nzima.

Bint Makorora

Shikamoo zake mama, na pole sana kaka. Naomba nikujibu mimi kwa sababu nawaona kina mama kama yeye kila wiki, na ni bora ulisikie wazi. Hapana, haimfai. Haya yote tunayosema ni kuziba TUNDU, shimo moja lenye kingo nzima kuzunguka, kipande kipate pa kushonewa. Kwa mama gegedu limeisha uso mzima, mfupa umebadilika, na ndani ya goti kuna uvimbe unaoendelea ambao ungekula hata kipande kipya. Ni kama kuziba kiraka kwenye tairi ambalo kamba zote zimetoka.

Lakini haina maana hamna la kumfanyia. Goti la bandia lipo, si la majaribio, linamfaa mtu wa umri wake akiwa kwenye hali hiyo, muulizeni daktari wa mifupa. Kabla ya hapo misuli ya mbele ya paja, akikaa kitini anyooshe mguu ahesabu taratibu mpaka kumi, ashushe. Akiwa mzito akipungua hata kilo chache goti linazisikia, maana ukitembea goti linabeba mara mbili tatu ya uzito wako. Na aswali kwenye kiti, dini imemruhusu, wengi wao wanaona haya mpaka mtoto awaambie.

wa Changamwe

Shukran sana dada. Nitamwambia hilo la kiti leo leo.

Mti Mkavu

Wakuu sijui niwashukuruje. Nilimpa dogo simu asome mwenyewe, alisoma nusu saa amekaa mlangoni, akanirudishia akasema "kumbe pale mwanzo ungenipumzisha miezi sita halafu nikaanza kukimbia tu ningeharibu". Mimi kilichoniingia ni ile ya Mir. Sisi miche ya nyanya ukiitoa kitaluni ikiwa imezoea kivuli na maji ya kila siku ukaipeleka shambani mchana kweupe inalala yote, unaizoesha jua wiki nzima kabla, unapunguza maji, shina linakaza. Sikujua kama goti nalo lina mambo hayo.

Tulirudi kwa dokta jana nikiwa na maswali yameandikwa kwenye karatasi, safari hii alikaa na sisi. Tundu ni kama sentimita za mraba 2.5, mfupa wa chini mzima, miguu imenyooka. Amesema kwa ukubwa huo na umri huo anafaa kwa matibabu ya seli akipata uwezo wa kusafiri, ila kwanza miezi mitatu ya mazoezi ya paja tuone goti linatulia kiasi gani. Tumeanza.

Dogo ana maswali mawili. Kama siku moja ikawa ya pua, je pua haitabonyea? Na baada ya kupandikizwa mtu anarudi lini uwanjani?

seli_na_sukari

Pua haibonyei, kinatoka kipande cha milimita 6 ndani kwenye ukuta, juu kunabaki kumeshikilia vizuri. Kinachoweza kubonyesha pua ni kutoa sehemu kubwa ya ule ukuta kwa pamoja, hapa hawafanyi hivyo.

Bint Makorora

La uwanjani: mwambie aweke kichwani mwaka mmoja, na iwe wa pua au wa seli za goti ni karibu sawa. Wiki za mwanzo goti linakunjwa na kukunjuliwa bila uzito, mara nyingi kwa siku, ili ute uzunguke kipande kile. Magongo kama wiki 6 mpaka 8, uzito unaongezwa kidogo kidogo, unamweka akanyage mizani ya nyumbani na mguu huo ajue kilo 20 zinafananaje. Halafu baiskeli ya kukaa, halafu kutembea kwa haraka, kukimbia mstari ulionyooka ni mwezi wa nane au wa tisa, kugeuka ghafla na kugombea mpira ndo mwisho kabisa. Kwa sasa hii miezi mitatu asiikose hata siku. Akishakaa kitini anyooshe mguu, kidole kielekee juu, abane paja mpaka alione linatetemeka. Akimaliza wiki ya pili aniandikie hapa hapa aseme ngazi anazishukaje.